Jackton Ooko na Mwongozo Uliopimwa Jikoni

Ndugu wa Kaloleni, majirani wa Jericho na wageni mliotoka mbali, kabla hatujaanza safari ya kumsindikiza kijijini Ugenya, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu Jackton Ooko Rading, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1966 papa hapa Kaloleni, mtoto wa tatu wa mzee Nahashon Rading, fundi wa karakana ya reli, na mama Phelister, ambaye husema kwamba mtoto huyu alianza kuuliza "kwa nini" kabla hajajua kuomba uji.

Alisoma shule ya msingi hapa mtaani kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akaingia sekondari Makadara mwaka 1980 na kumaliza 1983, na walimu wake walikubaliana kwamba hesabu zake zilikuwa za kawaida, ila maelezo aliyoyaandika kando yake yaliwasaidia wenzake kupita mtihani ambao yeye mwenyewe aliupita kwa tabu.

Tarehe 2 Juni 1986 aliajiriwa kuwa karani wa stoo katika reli, akaitumikia kazi hiyo miaka ishirini, hadi 2006 alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, akakaa nyumbani juma moja tu, kisha akaenda kujifunza kompyuta kwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, ya Jericho akiwa na miaka arobaini, akicheka pamoja na waliomcheka, kwani elimu haina mwisho. Mwaka 2010 alijiunga na watu wanaotengeneza Sanduku, programu ya kuhifadhi kumbukumbu za zahanati, maduka na shule, ambayo haina mwenyewe, yeyote huitumia bure na yeyote anaruhusiwa kuirekebisha, akakabidhiwa mwongozo wake wa matumizi, pamoja na mamlaka ya kukubali au kukataa kila jambo jipya linaloongezwa, mamlaka ambayo, tuseme ukweli leo, aliyafurahia kupita kiasi.

Alifunga ndoa na Asenath tarehe 12 Desemba 1992, Mungu akawajalia Whitney na Elsie. Mama Whitney anauza samaki soko la Jericho na hajawahi kudai kwamba anajua kompyuta, na kwa sababu hiyohiyo mumewe alimfanya mtahini: hakuna jambo jipya lililoingia Sanduku kabla Asenath hajaketi jikoni, akasoma ukurasa wake, akafuata hatua moja moja mpaka mwisho, na alipokwama, ukurasa ulirudishwa kwa aliyeuandika, awe yuko Ujerumani au mtaa wa Umoja. Mwaka 2014 marehemu alijaza mifano ya mwongozo kwa majina ya majirani, akasahau kubuni namba ya simu, akaweka ya mkewe, na kwa wiki mbili Asenath alipigiwa simu na watu wa nchi asizozijua, akawasalimu wote na kuwaambia samaki wamekwisha.

Februari 2024 figo zilianza kumsumbua, na alisema waziwazi kwamba hakuogopa kufa, aliogopa mwongozo utakufa naye, maana mkewe alipofanya majaribio yeye alikaa nyuma yake, na kila mkewe alipokosea, yeye alikohoa kidogo, hata ikawa haijulikani kama kinachofundisha ni ukurasa au ni kikohozi. Munene, mtengenezaji mwenzake, alikuwa ameunda njia ya kurudisha kumbukumbu zilizofutwa kwa bahati mbaya, ukurasa wake ukarudishwa mara nne, akasihi, "Mzee, hii kitu iko fiti, niamini tu," marehemu akamjibu kutoka wodini alikolazwa kwamba imani ni ya kanisani.

Alasiri ya tarehe 3 Juni 2025, Asenath alikaa jikoni peke yake, akafuta kwa makusudi orodha nzima ya majina ya majaribio, akasoma ukurasa wa Munene, akafuata hatua zake, bila mtu nyuma yake, na majina yote yakarudi, akaibeba kompyuta hadi wodini, naye mumewe akayapitia moja moja, asikute lililopungua, akaukubali ukurasa, akalia kwa furaha mbele ya wagonjwa wote. Alituaga asubuhi ya tarehe 6 Juni 2025.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliomvumilia hata alipowasahihishia maelezo ya dawa yaliyobandikwa ukutani, majirani waliopika na kukesha nasi, na wenzake wa Sanduku, ambao Jumatatu walimwandikia Asenath wakimwomba aendelee kupima kila ukurasa, naye amekubali. Baba Whitney, pumzika kwa amani, sasa tunasoma wenyewe.