Kadi za Sebuleni kwa Mzee Rugaimukamu

Mjomba wetu, marehemu Adolf Rugaimukamu, alizaliwa tarehe 14 Mei 1931 huko Kanyigo, Bukoba, akasoma Tabora na Makerere, na mwaka 1957 akapata nafasi ya masomo Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, ambako alikwenda kusomea uchumi akarudi na mapenzi ya vitenzi vya Kisinhala, jambo ambalo ukoo, tuseme ukweli, haujalielewa hadi leo.

Alifunga ndoa na Felisia tarehe 6 Januari 1962, wakahamia hapa Brussels mwaka 1971 alipoajiriwa ubalozini kama mfasiri, wakaishi mtaa wa Ixelles, na hawakujaliwa watoto. Kila Jumamosi alinakili vitenzi kwenye kadi, kuanzia maandishi ya kale ya mapangoni hadi maneno ya sokoni Colombo, akifuatilia jinsi kitenzi kilichokuwa kikimtaja mtendaji, mimi, wewe au wao, kilivyoacha taratibu kumtaja yeyote katika mazungumzo, na msikilizaji wake alikuwa Felisia peke yake.

Alipostaafu mwaka 1991 alizipanga kadi elfu nne kwenye sakafu ya sebule, karne baada ya karne, bila namba, kwa kuwa bado alikuwa akizihamisha. Felisia alipofariki tarehe 9 Februari 1994, sisi, kama ilivyo desturi ya msiba, tulitoa viti, tukaokota kadi zote, tukazifunga kwa mipira na kutandika mikeka, na jirani, Maman Pétronille, akamwambia, "Papa, tulipanga yote muzuri." Alishukuru, akatuchemshia chai.

Alianza kuzipanga upya sakafuni kutoka kadi ya kwanza, akaacha kukaribisha wageni, nasi tukaudhika, tukasema mzee anaringa, kumbe alikuwa mpweke tu na hana pa kutukalisha. Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 1997, akalazwa, akafariki tarehe 3 Machi 1998, zikiwa zimebaki kadi sitini mkobani, hazijapangwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa ubalozini, na rafiki yake wa Chuo Kikuu cha Peradeniya, huko huko Ceylon, atakayefika Jumamosi kuzinakili kadi zilivyo. Mtuwie radhi kwa kuwakalisha kwenye baridi ya ukumbi huu wa parokia badala ya nyumbani kwake.

Pumzika kwa amani, Mjomba, safari hii hatujaokota hata kadi moja.