Dorothée wa Karatasi Mbili

Benchi ya Mama Annie, ng'ambo ya studio ya foto hapa Bunia, si ya mtu mwenye haraka. Ukiagiza kahawa yake ya tangawizi umeagiza pia mdomo wa Radio, ambaye anatangaza habari kabla hazijatokea, na mdomo wa Préfet, ambaye shuleni hakuwa préfet, yaani mkuu wa shule, hata siku moja, alikuwa analinda geti. Laurent aliyajua hayo yote, na bado alivuka barabara akaketi katikati yao. Mkononi alishika foto mbili za marehemu mke wake, Dorothée. Fundi wa studio alikuwa amemwambia achague moja aikuze kwa ajili ya kesho, siku ya kumaliza matanga, maana foto itawekwa mezani na watu watapita mmoja mmoja kuisalimu. Laurent hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Ndiyo kweli yenyewe, tusifichane.

— Weye Laurent, Radio akasema akizichungulia, ulioa mapacha?

— Ni yeye mumoja. Foto ni ile ya kwa telefone yangu, mashine ni ileile, wino ni uleule. Ni karatasi tu njo ilibadilika.

Kwenye karatasi nyeupe pe, kitambaa cha kichwa kiling'aa, lakini sura ya Dorothée ilikuwa imepoa, sura ya mtu aliyelala na homa. Karatasi ya pili ilikuwa na umanjano kidogo, kama maziwa yaliyotiwa tone la chai. Pale Dorothée alikuwa na joto la mtu aliyetoka jikoni sasa hivi, ila kitambaa kilikuwa kimezeeka na meno yalikuwa yamepiga manjano.

— Twaa ya nyeupe, Préfet akaamua. Matanga inataka usafi.

— Usafi gani? Radio akaruka. Ile ya nyeupe iko mugonjwa! Unataka batu basalimie mugonjwa?

— Aliugua kweli, Laurent akasema polepole. Lakini siku ya foto hakukuwa mugonjwa. Alikuwa anacheka.

Préfet akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, jua somo limeanza.

— Sikilizeni, siye tulikaa na masomo. Ile mashine haina wino ya nyeupe. Ikifika pahali pa weupe inapita tu, haitie kitu. Kitambaa, meno, macho, ile yote unaona ni karatasi.

— Sasa meno ya Dorothée? Laurent akauliza.

— Pale hakuna meno. Kuko karatasi.

Laurent aliyaangalia yale meno. Maneno ya Préfet yalimchoma vibaya, maana ni yeye Laurent aliyemchekesha Dorothée siku ile.

— Basi mimi najua, Radio akadakia. Karatasi nyeupe inatoka kwa inchi za baridi. Ile baridi inaingia ndani, inampata mwenye foto.

— Aa-a! Préfet akakataa. Wanaifua na bulu ya kufulia, kama shati ya masomo. Njo maana inang'aa.

— Na ile ya manjano ilisafiri na mbao za pori ya Mambasa, ikakunywa rangi ya mbao. Tena nikwambie: foto ya pasipoti ni karatasi nyeupe sababu bazungu banataka tuonekane tunasikia baridi, batuonee huruma, batupe viza.

— Mbona weye hawakukupa?

— Mimi nilitoa ya manjano.

Mama Annie akampiga Radio begani kwa kitambaa cha kufutia vikombe.

— Muache mambo ya viza, mutu iko na matanga!

— Mutoto njo ananisumbua, Laurent akasema. Abigaël alikuwa angali ku ziwa, ananyonya, wakati mama yake alikufa kule ku kambi ya wakimbizi. Foto zingine ziliungua na nyumba, kule Djugu. Hii ya kesho njo itakuwa mama yake. Nikikosea, atakomaa na mama wa bongo, wa uongo.

Kimya kwa Préfet ni ugonjwa, basi akatoa dawa nyingine: tatizo ni mwanga, azipeleke juani. Laurent akainuka kwa utii, akasimama kando ya barabara, pikipiki zikimpigia honi. Juani ile nyeupe ilizidi kuwaka, na ile ya manjano ikapona kidogo. Akarudi kivulini, chini ya bashi, lile turubai la bulu la Mama Annie, na kwa macho yaliyotoka juani zote mbili zikageuka bulu. Maskini, sasa alikuwa na Dorothée wanne.

— Bashi njo inatudanganya, Radio akasema. Mama Annie, itoshe, uiondoe kwanza.

— Thubutu!

Hapo mwanamke mmoja aliyekuja kununua kahawa akatua beseni lake la avoka. Aliitwa Gracieuse, hakuna aliyemjua pale. Alikuwa amesikia yote. Akazichukua zile foto, akazitazama moja baada ya nyingine.

— Kati yenu, nani alimuona huyu mama na macho yake?

Radio akamwangalia Préfet. Préfet akaangalia kikombe. Laurent alifika mjini akiwa tayari mjane, na wote pale walimjua Dorothée tangu asubuhi hii tu.

— Basi ni weye, papa, Gracieuse akasema kwa upole. Alikuwa namna gani?

Swali jepesi. Laurent akafunga macho amtafute mkewe: shambani, jikoni, mlangoni pa kanisa. Ikaja karatasi nyeupe. Akaisukuma kando, ikaja ile ya manjano. Akaisukuma na hiyo. Nyuma ya karatasi hizo hapakuwa na mtu.

— Nilikuwa najua, akasema, macho bado yamefungwa. Asubuhi, kabla ya kuingia studio, nilikuwa najua.