Magoti Kumi na Manne ya Sista Feliciana

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya, Mchungaji, ndugu wageni waalikwa, wazee wenzangu tuliopigana Vita vya Kagera, nawe Sista Feliciana, muuguzi wetu unayestaafu leo: kamwene!

Mimi ni koplo mstaafu Yoramu. Kwetu ni Makete. Mwaka sabini na tisa, nikitoka vitani, nilishuka hapa Makambako nikasema nipumzike siku mbili ndipo nipande kwa mama. Siku hizo mbili hazijaisha mpaka leo.

Ndugu zangu, kwa miaka kumi na tisa daftari la Sista limeandika kwamba wanajeshi wastaafu kumi na wanne tunaumwa goti. Wote goti. Wote la kulia. Nani alianza? Ni Mzee Odilo huyu hapa. Harusini kule Lupembe, lori la majani ya chai lilipasukiwa na tairi. Odilo akamrukia shangazi wa bibi harusi, akamlaza mtaroni, akamkinga kwa mwili wake. Shangazi akainuka na matope mpaka kwenye kilemba. "Wewe baba, una nini?"

"Goti limeteleza, mama."

Wewe ungejibu nini? Ukisema ni kichwa, kesho jirani anakuja kuazima shoka lako, na harudishi. Basi kila Alhamisi tukampelekea Sista magoti. Anafunga mlango, anauliza, "Goti lililala jana?"

"Halikulala, Sista."

"Linaota nini?"

Hapo mzee mzima analia nusu saa, kisha anatoka akichechemea kidogo, kwa ajili ya majirani.

Alitupa namba yake: "Likikaza, nipigie saa yoyote." Mchana mmoja Odilo akampigia: "Sista, leo limekaza sana." Sista akafika kwa bodaboda, kandambili mguu mmoja tu. Alimkuta nyuma ya banda ameshika kamba ya ng'ombe, na ng'ombe alishamuuza. Hakuuliza habari za goti. Alikaa naye chini mpaka gari la hospitali likaja. Odilo ameniruhusu kuyasema haya, kwa sharti niongeze kwamba yule shangazi alikuja kumwona wodini.

Lakini daftari husomwa. Wakubwa waliona magoti kumi na manne, wakatuhurumia. Mwezi uliopita, badala ya muuguzi wa afya ya akili, tuliletewa magongo ishirini na manane ya kutembelea. Mheshimiwa, hatumlaumu mtu. Tulijificha vizuri, jeshini tulifundishwa.

Kesho Sista anarudi kwao Lugarawa. Nani atapokea simu?

Kwa hiyo nasema mbele ya watu, kwa mara ya kwanza: goti langu ni zima. Sikupanda kwa mama kwa sababu nilikuwa napiga kelele usingizini, na sikutaka azisikie. Alifariki akidhani nina kazi nyingi.

Wenye goti kama langu, simameni.

Mheshimiwa, hesabu. Pamoja nami, kumi na wanne, na hakuna aliyegusa magongo. Hao ndio wagonjwa wako. Tuandike upya, na utuletee mtu wa kupokea simu.

Sista, umetubeba. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Odilo, keti sasa; shangazi anakutazama.