Mama Mabuti na Mfereji Aliourudisha

Tarehe thelathini mwezi huu Mama Mabuti, mratibu wa maandiko ya kuomba ufadhili katika mamlaka yetu ya maji, atastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Alianza akiwa karani wa malalamiko, kazi ambayo maana yake ni kukaa nyuma ya kidirisha na kugombezwa na watu waliokosa maji. Anasema ilikuwa shule nzuri. Alitoka hapo akiijua mitaa ya mji huu kwa hasira zake: upi hukasirishwa na bomba kavu, upi na ankara, na upi na mvua iliyoingia ndani.

Kutoka kidirishani alihamishiwa chumba cha mwisho cha korido, chenye meza mbili na feni iliyopenda kelele kuliko kuzunguka. Huko ndiko zilikotafutwa fedha za kazi ambazo bajeti yetu haizimudu: kuhifadhi maji, kuyatumia tena, na kuyapa maji ya mvua njia ya kupita. Wafadhili hufungua dirisha la maombi, huweka masharti yao, na hulifunga siku waliyosema. Ukichelewa saa moja umechelewa mwaka mzima. Mama Mabuti hakuwahi kuchelewa, na hakupenda kusifiwa kwa hilo.

Jina lake la utani lilitokana na utaratibu aliouweka mwenyewe. Mvua inapoanza, watu wote hukimbilia ndani; yeye alikuwa anatoka. Hakuna andiko la mradi wa maji ya mvua lililoruhusiwa kuanza kuandikwa kabla mwandishi hajaitembea njia yote ya mradi huku mvua ikinyesha. Wahandisi vijana waliofika kazini na viatu vinavyong'aa walirudi wamevishika mkononi, na wiki iliyofuata walikuwa dukani wakiulizia mabuti ya mpira.

Utaratibu wake wa pili ulimhusu dereva wetu. Kila andiko lilisomwa kwa sauti ndani ya gari, injini ikiwa imezimwa. Dereva akisinzia, ukurasa huo uliandikwa upya. Wengi wetu tumepoteza kurasa nzuri kwa namna hiyo. Tunamkumbuka dereva akifungua jicho moja na kusema, "Mama, hapo kwenye malengo mahususi mimi nilishuka kituo kilichopita." Aliyeandika alinuna, Mama Mabuti akampa kalamu.

Kazi zilizotokana na maandiko hayo zinaonekana mjini. Shule zetu zina mabomba yanayojifunga yenyewe. Maji ya kufulia ya hospitali kuu, yaliyokuwa yakimwagwa mtaroni, sasa yanachujwa na kusafisha vyoo vya hospitali hiyohiyo. Vijana waoshaji magari karibu na stendi wanayazungusha maji yao kwenye matangi matatu na kuyatumia tena. Mwanzoni walikataa, wakisema hakuna mteja atakayekubali gari lake lioshwe kwa maji ya jana. Mama Mabuti aliwaletea gari la mkurugenzi. Mkurugenzi alilisifia linavyometa, na aliambiwa ukweli baada ya kulipa.

Mumewe, mwalimu mstaafu, ametupa ushuhuda wake wa nyumbani. Anasema yeye alioa mke, akaletewa mita ya maji.

Lakini kuna jambo ambalo hapa ofisini huzungumzwa kwa sauti ya chini, nalo ni mfereji wa mtaa wa maseremala. Tulikusudia kuliacha. Mwenyewe ndiye aliyeomba liandikwe.

Mtaa huo uko kwenye mteremko, juu ya bonde. Masika yakifika, maji yalishuka na barabara, yakaingia karakana baada ya karakana, na mbao zilizokaushwa kwa miezi zikavimba kwa asubuhi moja. Miaka tisa iliyopita dirisha la ufadhili wa mifereji lilifunguliwa katikati ya kiangazi kirefu. Mvua ilichelewa, dirisha halikungoja. Kwa mara moja tu katika miaka yake yote, Mama Mabuti alikubali andiko liandikwe kwa kutazama ramani. Kwenye ramani, mwisho wa mfereji palikuwa na eneo jeupe lisilo na kitu. Ramani ilichorwa kabla watu hawajahamia pale.

Andiko lilishinda. Maseremala walikuja kushukuru, na mmoja wao, fundi wa vitanda, mrefu na mpole, alimshika mama huyu mkono na hakuuachia upesi. Wiki chache baadaye mvua ikanyesha. Mama Mabuti akaitembea njia ya mfereji kuanzia juu, dereva akimfuata polepole. Dereva anasema Mama alisimama pale chini muda mrefu hata yeye akashuka kumwangalia kama yu mzima. Kwenye lile eneo jeupe kulikuwa na nyumba zilizobanana, na nyuma ya nyumba hizo zahanati. Dirisha la wodi ya wazazi lilitazama mahali hasa ambapo mfereji ungetema maji.

"Baba," alimwambia dereva, "tumeomba fedha za kuwamwagia watu maji kitandani."

Mfadhili aliulizwa kama njia ya mfereji inaweza kubadilishwa. Jibu likawa kwamba njia ni ile iliyoidhinishwa, ama fedha zirudi. Kikao kiliitwa. Mkurugenzi wa wakati huo hakuwa mtu mbaya, na hoja yake haikuwa ya kijinga: mfereji ujengwe, kisha dirisha linalofuata waombe fedha za kuwakinga watu wa bondeni. Wengi waliafiki. Mhasibu aliongeza kwamba ofisi inayorudisha fedha haipewi tena. Mama Mabuti aliwasikiliza wote, na alipopewa nafasi alisema maneno ambayo katibu muhtasi anayakumbuka hadi leo: "Mnanitaka nisaini leo, halafu nikeshe nikiomba dirisha lifunguke kabla ya masika. Mimi hilo sisaini."

Bila sahihi ya mratibu kazi haikuweza kuanza. Fedha zilirudi zilikotoka. Mwaka ule alitarajiwa kupandishwa cheo. Hakupandishwa, na hakuuliza.

Masika ya kwanza yalipita kwa upole na ofisi ikashusha pumzi. Ya pili hayakuwa na huruma. Maji yaliingia mtaa wa maseremala kabla hakujapambazuka. Fundi wa vitanda alipoteza mashine yake ya kuranda na mbao za oda nzima, lakini hilo silo lililomleta ofisini kwetu. Mama yake mzazi, mtu mzima sana, alikuwa akilala chumba cha nyuma ya karakana. Alibebwa akiwa amelowa hadi kifuani. Kifua kikamshika, na hakuinuka tena kutoka ugonjwa huo.

Baadhi yetu tulikuwa wageni kazini siku fundi alipokuja. Tulisimama koridoni tusijue pa kwenda. Hakupiga kelele.

"Mama, mfereji wetu ni wewe uliyeurudisha?"

"Ni mimi, mwanangu."

Alimweleza yote: ramani, nyumba, zahanati, dirisha la wodi. Hakujipamba na hakumtaja mkurugenzi wala mfadhili. Fundi alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama, kiti kikiwa mbele yake.

"Mke wangu alijifungulia zahanati hiyo," alisema. "Kwa hiyo sikuambii ulikosea. Ila ulichagua."

"Nilichagua."

"Basi mazikoni usije."

Hakwenda. Siku ya mazishi alikaa mezani kwake tangu asubuhi hadi jioni na hakuandika kitu. Aliyeingia chumbani humo na chai aliiacha na kutoka.

Tangu hapo Mama Mabuti alikuwa na andiko moja ambalo halikuondoka mezani. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulifadhili. Badala ya kuyateremsha maji kwa haraka kwenda kwa wengine, yazuiwe juu. Juu ya mtaa wa maseremala kuna shimo pana lililoachwa na wachimba kifusi. Lisawazishwe, lipandwe nyasi, liwe uwanja wa mpira ulio chini kuliko barabara. Mvua ikinyesha, uwanja upokee maji na kuyaachia kidogokidogo kwa bomba jembamba. Jua likiwaka, watoto wacheze. Wa juu wasilowe, na wa chini wasilipie ukavu wa wa juu.

Andiko hilo lilikataliwa mara tatu. Mhasibu alikuwa amesema kweli: kila mfadhili alitaka kujua kwa nini ofisi hii iliwahi kurudisha fedha. Mara ya tatu tulimshauri aifute sentensi inayotaja jambo hilo, kwa kuwa masharti hayakulitaka. Alikataa. "Wakija kulijua kwa jirani itakuwaje?" alisema. "Wacha walijue kwetu." Alitusomea barua ya kukataliwa kwa sauti ileile aliyosomea maandiko, akauliza ni wapi msomaji alipotea, akaanza upya.

Mara ya nne mjumbe wa mfadhili alifunga safari kuja kukagua, na swali lake la kwanza likawa lilelile. Mama Mabuti hakumjibu ofisini. Alimpeleka zahanati, akaomba ruhusa kwa mkunga, akamsimamisha ndani ya wodi ya wazazi mbele ya dirisha, akamwacha atazame nje. Kisha akampeleka juu, mtaa wa maseremala, akamwonyesha mlango wa chumba cha nyuma ya karakana moja. Fundi alikuwapo, anapiga randa. Hakuwasalimu na hakuwafukuza. Mjumbe aliuliza ni nani aliyekuwa akiishi humo, na Mama Mabuti akamwambia.

Fedha zilitoka. Uwanja ulikamilika mwezi uliopita. Nyasi zimeshika, na bomba linatazama kwenye kijito cha zamani kinachopita mbali na nyumba na zahanati. Siku za Ijumaa, kazi zikiisha, fundi wa vitanda huja pale. Huteremka hadi chini, huinama kwenye mdomo wa bomba, hupima kwa futi yake mwenyewe, na kuondoka. Wiki mbili zilizopita alikutana hapo na Mama Mabuti. Baada ya miaka yote hiyo alimsemesha.

"Huu utajaa kwa mvua ya muda gani?"

"Kwa hesabu, saa sita za mvua kubwa. Kwa kweli, mwanangu, sijui. Tutajua masika."

Fundi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolitaka.

Masika yako mbele yetu miezi kadhaa. Yatakapofika, mratibu aliyeutafuta uwanja huu atakuwa nyumbani kwake. Anaondoka bila kujua kama mteremko utakaa mkavu na bonde likakaa kavu usiku uleule, na kwa miaka tisa hilo tu ndilo alilotaka kulijua. Tumemuuliza kama angependa kuongezewa muda. Amesema sheria ya kustaafu ni ya watu wote, na kwamba maji hayatamuuliza nani yuko kazini.

Katika kuandaa hafla hii ya kumuaga tulimwalika fundi aseme machache kwa niaba ya mtaa. Alimjibu katibu muhtasi hivi: "Nitakuja na nitakaa. Kushukuru, nitashukuru mvua ikishapita." Tulisitasita kumwambia Mama Mabuti, tukidhani ataumia. Alisikiliza, akaagiza kiti cha fundi kiwekwe safu ya mbele, karibu na mumewe, na asisumbuliwe na mtu kuhusu hotuba.

Kwa hiyo mtamwona hapo mbele, mtu mrefu asiye na karatasi mkononi. Msimpigie makofi. Amekuja, na hilo si dogo.

Sisi tuliofanya kazi nawe, Mama, hatuna sababu ya kuingoja mvua. Tunakushukuru leo, kwa miradi tunayoiona na kwa ule mmoja uliokataa tuuone. Pokea mapumziko yako kwa afya na amani, pamoja na mwalimu na wote wa nyumba yenu. Na usiku ambao masika yataanza, ukiisikia mvua juu ya bati, geukia upande wa pili ulale. Zamu ni yetu.