Mtego wa Mbawakawa

Basi la Toledo lilikuwa halijavuka daraja, na Geneva, abiria wa kiti cha nyuma, alijifanya anasinzia ili asikie vizuri.

"Huo mtego wa mbawakawa wa nini, mzee?" mama mwenye kofia ya ukindu aliuliza kwa ukali.

"Wa kunasa mbawakawa. Ulidhani wa kunasa mashemeji?" Mzee akaupakata mtego wake. "Wa kwanza umejaa pomoni, naongeza wa pili."

"Umejaa kwa sababu harufu yake inawaita! Unakusanya wadudu wa mtaa mzima, wachache wananasa, waliobaki wanatafuna mawaridi ya watu. Yangu aliyapanda marehemu mume wangu! Kila asubuhi nawaokota kwa mkono, nawatosa kwenye maji ya sabuni, kesho yake wako tele!"

"Mbona mawaridi yangu hayana hata tundu?"

Geneva alimhurumia jirani wa mzee yule, yeyote aliyekuwa.

Basi likasimama nyuma ya kanisa. Mama akainuka. Mzee naye akainuka.

"Unashuka hapa?"

"Ndiyo kwangu, nyumba ya kijani. Ule mtego wa kwanza nimeutundika mbali na maua yangu, kule kwenye uzio wa jirani."

"Uzio mweupe?" mama akauliza taratibu, huku akivua kofia.