Kocha Aliyempanga Binti Yake Kundi Lisilo Lake

Tunayemzika leo, mliyemwita Kocha na ambaye nyumbani aliitwa Baba, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi saa.

Baada ya shule alijiunga na chuo cha ualimu, akakimbia mita elfu kumi na kushika mkia kila mwaka. Alisema huko ndiko alikojifunzia ukocha, maana wenzake wote aliwatazama kwa nyuma.

Kuanzia 1976 alifundisha michezo kwa miaka thelathini na tano, na hakumpa mkimbiaji mazoezi ya mwingine. Mbio ndefu za Jumapili, wa kasi, wale wa mbio fupi, aliwafupishia: kilomita sita, mbili za mwisho wakitimka kwelikweli. Wa pumzi, wale wa masafa marefu, walikwenda kumi na tano taratibu, yeye kando kwa baiskeli akipiga soga. “Mtu wa kasi ukimburuza mbali unamharibu!” alikuwa akifoka.

Tarehe 14 Agosti 1982 alimuoa mshonaji aliyewahi kumshonea suruali ya michezo yenye mguu mmoja mfupi, naye akaivaa hivyohivyo. Walijaliwa watoto wawili. Binti mkubwa, ndiye anayewasomea haya, alimpanga kundi la pumzi. Miaka tisa! Kila shindano wa nne, wa tano, basi. Akajiona hana lolote, akatundika viatu.

Marehemu alianza kuugua figo Februari mwaka jana. Wiki tatu zilizopita, binti akimkata kucha wodini, alisema, “Mwanangu, wewe ulikuwa wa kasi. Nilijua tangu una miaka kumi na miwili.”

“Baba! Sasa mbona ukanipa kilomita kumi na tano?”

Alifumba macho. “Kamuulize mama yako.”

Alifariki Jumanne tarehe 4 mwezi huu, saa tano asubuhi, bila kulifafanua hilo.

Mama naye haelewi. “Mimi ninachojua, kila Jumapili mlitoka saa moja mkarudi saa tatu mnacheka,” alisema jana, akikunja mashuka. “Wale wa kasi, wa zamu ya jioni, hakwenda nao popote. Aliwapulizia filimbi, akaketi.”

Binti akajiuliza. Sasa alinyang’anywa ushindi, au alipewa Jumapili zote zile? Ana hasira, na amemkumbuka baba yake mno. Lipi litangulie hajui, na wa kuulizwa ndiye huyu aliyelala hapa.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na wakimbiaji wasiohesabika.

Baba, mimi nilitaka kushinda. Na Jumapili nilikuwa naamka kabla hujaniita. Pumzika kwa amani.