Simu Ndani ya Unga

Kwenye treni ya kuja Voi, nilimsikia Mideva akimwambia Kavinya, aliyejuana naye tu kwenye kiti, kwamba mama mkwe wake amegoma kula. "Mama anaugua. Juzi mimi na bwanangu tukanong'onezana jikoni habari ya majeneza. Asubuhi mama akachukua simu yangu asikize mahubiri, matangazo ya majeneza yakajipanga kwa kioo!"

"Simu iliwasikia, dada."

"Lakini tuliongea Kimaragoli!"

Mimi nilichanganyikiwa. Simu yangu ya kubonyeza hainisikii hata nikipiga kelele. "Sasa iko wapi?" Kavinya akauliza.

"Nimeifukia humu kwenye mfuko wangu wa unga, isisikie."

Treni iliposimama Voi, unga ukaanza kulia. Mideva akaichimbua simu, akachungulia. "Ni mama." Hakuna aliyethubutu hata kukohoa.